DADA ATOKAYE KAZINI NA PAMBO LA JIONI

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, maswahaba zake na kila aufuataye mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu Waislamu, yapo mas'ala ambayo wengi huyaona madogo, kwa hiyo hayapandishwi mimbarini wala hayasomeshwi katika darsa. Miongoni mwa hayo ni hali ya dada yetu afanyaye kazi mchana, ambaye jioni ile ile anatakiwa ahudhurie shughuli ya harusi, naye hana wasaa wa kurudi nyumbani kubadili nguo. Hapa kwetu Hamugembe, na katika kata jirani za Kashai na Rwamishenye, wanawake wa namna hii ni wengi: mwalimu, muuguzi, karani, mwenye duka sokoni. Nikahi imefungwa msikitini baada ya Alasiri, na shughuli ya wanawake inaanza baada ya Magharibi. Yeye anatoka kazini na gauni lake refu la rangi moja na mtandio wake. Ndani ya mkoba amebeba kifuko kidogo chenye jozi ya hereni, mkufu na bangili mbili. Akishavivaa, gauni la kazini limekwisha kuwa vazi la sherehe.

Dada huyu hushambuliwa kutoka pande mbili. Upande mmoja wapo ndugu wenye ghera ya dini wasemao kuwa mwanamke mchamungu hajipambi nje ya chumba chake, na kwamba kila king'aacho juu ya mwili wake ni fitina. Upande wa pili wapo wanawake wenzake wamcheka kwa kuja na nguo ya kazini, wakiuliza kwa nini hakushona sare kama watu wengine. Wa kwanza wanamtaka asipambike kabisa. Wa pili wanamtaka atumie fedha asizokuwa nazo.

Rai yangu, na nitaieleza kwa dalili, ni kwamba dada huyu yuko karibu zaidi na mwenendo wa wema waliotangulia kuliko makundi yote mawili. Pambo dogo juu ya vazi la kila siku ni uwastani. Na yanayoharibu jioni ile mara nyingi si hereni zake, bali ni mambo ambayo sisi wanaume, tunaosimamia harusi, tumeyanyamazia.

PAMBO KATIKA QUR'AN NA SUNNA

Tuanze na asili ya jambo. Katika Suratul-A'raf, aya ya 32, Allah (s.w.) anawakemea wale wanaoliharamisha pambo alilowatolea waja wake. Ama dhahabu, imepokewa kutoka kwa Ali bin Abi Talib (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alishika hariri kwa mkono mmoja na dhahabu kwa mkono wa pili, akabainisha kuwa viwili hivyo ni haramu kwa wanaume wa umma wake. Katika baadhi ya riwaya imeongezwa kuwa ni halali kwa wanawake wao. Kwa hiyo anayemwambia mwanamke kuwa bangili yenyewe ni dhambi amesema asilokuwa na dalili nalo.

Tuangalie pia maisha ya wanawake wa Madina. Imepokewa katika Sahihi mbili kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba siku ya Idi, baada ya swala na khutba, Mtume (s.a.w.) aliwaendea wanawake akiwa na Bilal (r.a.), akawawaidhi na kuwaamrisha kutoa sadaka. Wakawa wanavua hereni na pete zao na kuzitupa ndani ya nguo ya Bilal. Hapa tunapata mafunzo mawili. La kwanza, wanawake wale walikuwa wamejipamba siku ya furaha. La pili, walitoa pale pale bila ya kwenda kuwaomba ruhusa waume zao. Wanazuoni wengi wameitumia hadithi hii kuwa ni dalili kwamba mwanamke ana haki ya kuitumia mali yake mwenyewe. Tutalirudia jambo hili mbele.

Wahenga wetu walisema kuwa nguo ya kuazima haisitiri. Ni onyo zuri kwa mwenye kujikweza kwa vya watu, lakini lisifanywe sheria. Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume (s.a.w.), aliazima kidani kwa dada yake Asmaa (r.a.), kikapotea safarini. Watu wakabaki kukitafuta, wakati wa swala ukafika nao hawana maji, ikateremshwa ruhusa ya kutayamamu. Basi kila mgonjwa au msafiri anayetayamamu leo ananufaika na hukmu iliyoteremka katika tukio la kidani cha kuazima. Tena imepokewa na Imam Bukhari kuwa Bi Aisha (r.a.) alikuwa na nguo ya thamani ya dirhamu tano, na kila aliyekuwa akipambwa Madina kwa ajili ya harusi alikuwa akituma mtu kwake kuiazima.

Ndugu msomaji, litafakari hilo. Nguo moja ya dirhamu tano ilitoka nyumba hii ikaenda nyumba ile, na hakuna bibi harusi aliyeonekana amedhalilika. Leo mgeni tu wa harusi, asiye bibi harusi, anaona haya kuvaa gauni lile lile mara mbili.

MIPAKA YAKE

Uhalali wa pambo hauna maana kuwa halina mipaka. Suratun-Nur, aya ya 31, imewataja wale ambao mwanamke anaweza kuwadhihirishia pambo lake: mume, baba, baba mkwe, wana, ndugu, wana wa ndugu, wanawake na wengineo waliotajwa humo. Shemeji hayumo katika orodha hiyo. Binamu hayumo, hata kama mmekula sinia moja tangu utotoni. Mpiga picha wa harusi hayumo. Aya hiyo hiyo inawakataza wanawake kupiga chini miguu yao ili lijulikane pambo lililofichwa, nako ni kukataza mlio wa njuga na furungu unaowaita macho wapita njia.

Sasa tazama jinsi dada wa kazini anavyoweza kulifuata hilo bila ya taabu. Hereni ziko masikioni na mkufu uko shingoni, na vyote viwili vinafunikwa na mtandio. Bangili zinaingia ndani ya mkono mrefu wa gauni. Akitembea njiani au akipanda bodaboda kutoka mjini kuja Hamugembe, yeye ni yule yule aliyekuwa kazini asubuhi. Akishaingia katika chumba cha wanawake na mlango ukafungwa, anaushusha mtandio mabegani, na hapo ndipo sherehe yake inapoonekana. Wakati wa kuondoka anaurudisha mtandio kichwani. Aliyevaa sare ya kumetameta, yenye kubana na mikono mifupi, hana njia hiyo, kwa kuwa pambo lake ni nguo yenyewe, na nguo haivuliwi njiani.

Kwa ajili hiyo nawausia dada zetu mambo machache ya kutenda. Gauni la kazini liwe pana, la kitambaa kizito kidogo, la rangi moja isiyo na maua makubwa, kwani nguo ya namna hiyo hupokea pambo la aina yoyote bila ya kugombana nalo. Mchague kitu kimoja kiwe ndicho kikubwa, ama mkufu ama hereni, na vingine viwe vidogo. Pambo likizidi huondoa haiba yake. Mtandio wa pili, mwepesi na wenye rangi ya furaha, haujazi mkoba. Manukato yaachwe mpaka mfike ndani, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kwa maneno makali mwanamke kujitia manukato kisha akawapitia wanaume ili waisikie harufu yake.

Lakini mlango huo wa chumba cha wanawake ufungwe na nani? Hapa ndipo lawama inapohamia kwetu. Mara ngapi tumeandaa walima, tukawaweka wanawake nyuma ya turubai, kisha tukampitisha kijana mwenye kamera katikati yao bila ya hodi? Mara ngapi mshehereshaji mwanamume amekabidhiwa kipaza sauti ndani ya ukumbi wa wanawake? Na siku hizi kila mkono una simu. Picha iliyopigwa saa mbili usiku imekwisha kuenea katika makundi ya simu kabla ya Isha ya mwisho haijaswaliwa. Dada aliyejipamba mbele ya wanawake wenzake kwa mujibu wa aya amedhihirishwa mbele ya dunia bila ya idhini yake. Tukimlaumu yeye, tumemdhulumu. Mwenye harusi ndiye anayewajibika kutenga mahali pa sitara, kuweka mpiga picha mwanamke ikiwa picha ni lazima, na kutangaza mapema kuwa simu hazitapiga picha ndani.

SARE NA WALIMA WA MASKINI

Nakuja kwa kundi la pili, la wanaomcheka. Desturi ya sare imetawala. Kamati inakaa, inachagua kitambaa, na kila anayetaka kuonekana kuwa ni mtu wa karibu anakinunua na kumpelekea fundi. Kuna sare ya kumuaga binti, sare ya siku ya harusi, na penginepo sare ya siku ya tatu. Mwenye harusi tano kwa mwaka anabaki na nguo tano ambazo hatazivaa tena, kwa kuwa kila moja imekwisha kupigwa picha. Juu ya hapo kuna mchango wenyewe wa harusi. Nguo hizo zinalipwa kwa ada ya mtoto wa madrasa, kwa fedha ya mbegu, au kwa deni la kikundi cha kukopeshana ambalo mume hakuambiwa.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa chakula kiovu zaidi ni cha walima ambao wanaalikwa matajiri na kuachwa maskini, hadithi hii imo katika Sahihi mbili. Sare imefanya kwa nguo lile lililokatazwa kwa chakula. Mlangoni hakuna anayemzuia mjane asiye na uwezo, lakini akiingia na gauni lake la kawaida katikati ya wanawake hamsini waliovaa kitambaa kimoja, kila jicho linamwambia kuwa hakuwemo katika hesabu. Safari ijayo hatakuja, nasi tutasema ameacha kujumuika na wenzake.

Anayekuja na gauni la kazini na jozi ya hereni anaivunja desturi hiyo bila ya kutoa hotuba. Akifanya hivyo mwalimu mwenye mshahara, mama muuza ndizi naye anapata ujasiri wa kuja na gauni lake la Ijumaa. Basi na waanze wale wenye uwezo wa kushona, kwa kuwa mwigo hushuka kutoka juu. Na asiye na dhahabu asijilazimishe. Shanga nzuri, fedha, au pambo la bandia lisilo na madhara vyote ni mubaha. La kuchunga ni kutodai kuwa kilichochovywa ni dhahabu halisi, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amemfananisha anayejionesha kuwa na kile asichopewa na mtu aliyevaa nguo mbili za uongo.

MALI YA NANI?

Watu wa nchi hii ya magharibi ya ziwa wanajua tangu zamani kuwa pambo ni mali. Wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliopiga kambi Kafuro, huko Karagwe, katika karne ya 19, walikuja na shanga na nyaya za shaba kununulia pembe za ndovu. Kilichovaliwa shingoni na mkononi ndicho kilichokuwa kikihesabiwa kama fedha. Leo dhahabu haiko mbali nasi. Biharamulo, ndani ya mkoa wetu, mgodi wa Tulawaka ulianza uzalishaji mwaka 2005, na Geita ni jirani zetu. Mwaka 2025 bei ya dhahabu katika soko la dunia ilivuka dola 4,000 za Marekani kwa wakia moja, yaani takriban gramu 31. Bangili mbili za mama si mchezo tena.

Kwa sababu hiyo lazima tuseme wazi: dhahabu ya mke ni mali ya mke. Suratun-Nisaa, aya ya 4, inaamrisha wanawake wapewe mahari yao, na wala haikumruhusu mume kula chochote humo ila kile ambacho mke mwenyewe amekitoa kwa ridhaa ya nafsi yake. Aya ya 20 inamkataza mume kurudisha alichompa mkewe hata kama ni mrundi wa mali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inamtambua mke kuwa na haki ya kumiliki na kuuza mali yake sawasawa na mwanamume. Basi mume anayefungua sanduku la mkewe, akachukua mkufu kwa sonara ili alipe deni la pikipiki, kisha akasema atanunua mwingine, amekula mali ya mtu kwa dhuluma. Ridhaa inayotolewa kwa hofu ya talaka si ridhaa.

Wengi wetu tunalikumbuka tetemeko la tarehe 10 Septemba, 2016, lililozibomoa nyumba nyingi za Bukoba, Hamugembe ikiwemo. Ukuta uliojengwa kwa miaka kumi ulilala chini kwa sekunde chache. Siku kama ile mali inayoingia kiganjani ina thamani nyingine kabisa. Pambo alilolivaa dada harusini ndilo akiba yake ya siku ya dhiki, na sare tano zilizomo kabatini hakuna sonara atakayezipokea.

Pamoja na haki kuna wajibu. Kiwango cha zaka katika dhahabu ni mithqali 20, sawa na takriban gramu 85 za dhahabu safi, na kinachotolewa ni asilimia 2.5 kila mwaka wa Hijria unapokamilika. Ama pambo la halali linalovaliwa, wanazuoni wametofautiana. Kauli mashuhuri katika madhehebu ya Shafi, na vile vile kwa Maliki na Hanbali, ni kuwa halina zaka, Imam Abu Hanifa ameona kuwa lina zaka, na dalili yake ni hadithi ya mwanamke aliyeulizwa na Mtume (s.a.w.) kama anazitolea zaka bangili za dhahabu zilizokuwa mkononi mwa binti yake. Mwenye kutoa kwa tahadhari amejitoa katika khitilafu. Ama dhahabu iliyowekwa kwa ajili ya kuhifadhi mali wala haivaliwi, hiyo itolewe zaka ikifikia kiwango na kupitiwa na mwaka, wala asijifiche mtu nyuma ya neno pambo.

Na mwenye kuazima ajue kuwa amebeba dhamana. Kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi, kitu cha kuazima kikipotea nje ya matumizi yaliyoruhusiwa, aliyeazima anakilipa hata kama hakuzembea. Kwa hiyo kipimwe uzito, waweko mashahidi, na kirudi asubuhi yake bila ya kukumbushwa. Uaminifu huo ndio uliomwezesha Bi Aisha (r.a.) kuitoa nguo yake nyumba hadi nyumba.

NA SISI WANAUME JE?

Haifai kufunga maneno haya bila ya kujitazama. Katika harusi hizo hizo ambamo tunahesabu bangili za wanawake, bwana harusi wetu anavalishwa pete ya dhahabu mbele ya mashahidi, na vijana wanaomsindikiza wamening'iniza mikufu ya dhahabu vifuani. Hiyo ndiyo haramu iliyo bayana, isiyo na khitilafu kama ile ya zaka. Pete ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa ya fedha, na mwenye kutaka pete ana kigezo chema hapo. Ni ajabu kubwa kumkemea mwenye kuvaa halali, ukamnyamazia mwenye kuvaa haramu kwa sababu tu ni mwanao.

Basi nawaomba maimamu wa misikiti yetu, kabla ya kuisoma khutba ya nikahi, wamwambie bwana harusi avue dhahabu. Nawaomba wenye harusi watenge mahali penye sitara na waandike katika kadi kuwa hakuna sare. Nawaomba waume wazihesabu bangili za wake zao kuwa ni amana, wala wasizihesabu kuwa ni benki yao. Na wewe dada uliyeshinda kazini tangu asubuhi, swali Magharibi yako kwanza, kisha fungua kifuko chako, uvae ulichojaaliwa, uingie kwa wenzako ukiwa na furaha. Usione haya kwa gauni lako.

Allah (s.w.) azijaalie nyumba zetu sitara na kutosheka, na atuepushe na riya na dhuluma. Wabillahi tawfiq.